Mana

Mwezi wa tisa, asubuhi, mto Pruti umeificha ng'ambo yake.
Ukungu umepanda hadi kwenye uzio wa Toader,
umeuruka bila hodi,
na umeacha ukungu mwingine chini ya majani ya nyanya zangu:
mweupe, mwembamba, kama unga
kwenye mkono wa mwanamke aliyeitwa mlangoni akikanda.

Sikupiga kelele. Niligeuza jani la pili. La tatu.
Baka la kahawia, kingo zimelowa,
kama karatasi iliyowekewa kikombe cha chai.
Na shina lina kidonda cheusi pale nilipolifunga mwezi wa sita
kwa kitambaa cha shati la marehemu Ilie.

Huku kwetu bakajani tunaiita mana,
jina lile lile la chakula kilichowadondokea wana wa Israeli.
Nimemuuliza kasisi mara mbili. Mara zote mbili amekohoa.
Labda walioipa jina walikuwa na njaa,
wakatazama juu wakingoja mkate,
kikashuka hiki.

Nikachukua mkasi wa kushonea,
nikaupangusa kwa pombe ya plamu, tone kwa mkasi, tone kwangu,
nikaanzia chini.
Majani yanayogusa udongo. Halafu yanayoyagusa hayo.
Kila nikikata, napangusa. Kila nikipangusa, naonja.
Kufika mche wa tisa nilikuwa naiombea msamaha.

"Imetoka kwenye viazi vyako," nilimwambia Toader.
Alisimama na ndoo, hajanyoa.
"Viazi vyangu ni vizima."
"Vizima chini. Tazama juu."
"Mvua siku sita, Veta! Na wewe unamwagilia jioni,
majani yanalala yamelowa."
Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nikakasirika.
Nikamkumbusha bata wangu wa mwaka wa mafuriko.
Akaingia ndani.

Mwanangu Doru akapiga simu kutoka Torino:
ng'oa yote, Mama, choma, nyanya za dukani ni rahisi.
Nyanya za dukani! Mtoto amesahau ulimi wake.
Nikamwambia, sawa, nimeshang'oa.

Sikung'oa. Nilichuma zote zilizofikia yai la bata,
zile zisizo na doa la shaba begani.
Za kijani kabisa nikazitia mtungini
kwa chumvi, vitunguu saumu, majani ya mcheri.
Zilizoanza kupauka nikazifunga moja moja kwa gazeti,
nikazilaza chini ya kitanda, upande wa Ilie,
na tofaa moja katikati,
maana tofaa, tangu zamani, linajua kushawishi.
Majani sikuyapeleka kwenye mboji. Niliyachoma.
Moshi ukaelekea kwa Toader. Sikuuzuia.

Usiku harufu ya nyanya mbichi ilinikalisha macho.
Saa nane hivi nikasikia mundu.
Tochi ilikuwa inatembea shambani kwake,
na yeye ameinama, anakata mashina ya viazi mstari kwa mstari,
kimya, kama mtu anayejiibia.

Asubuhi, juu ya nguzo ya uzio, chupa ya lita mbili:
maji ya buluu, mrututu na chokaa,
kifuniko kimekazwa na mkono wenye hasira.
Nilikifungua kwa meno ya koleo.

Tumechelewa, najua. Mrututu hulinda, hauponyi.
Nimepulizia hata hivyo, mche mmoja, ule wa ukutani,
unaozaa nyanya za mikunjo, nzito,
ambazo mama aliziita moyo wa fahali.
Sasa umesimama wa buluu kama mlango uliopakwa rangi Pasaka.
Nahitaji siku kumi za jua. Nahitaji tunda moja,
mbegu zake zikauke juu ya gazeti dirishani.
Nyama yake nitaikata nusu kwa nusu, nimeshaamua,
ingawa sijamwambia mwenye nusu ya pili.
Ataila bila chumvi.
Yote imekwenda mtungini.